Simu Ikilia Kwamba Yellowstone Inalipuka

Ujumbe wenyewe unaujua. Nyati wanakimbia barabarani, sauti ya mtu anayeongea mbiombio inasema matetemeko 800 yamepiga ndani ya siku chache, volkano kubwa kuliko zote imeamka na serikali ya Marekani inaficha. Aliyekutumia ni shemeji aliyeko Nairobi au shangazi aliyebaki Kasulu. Wewe uliyeupokea unaishi Boise, Twin Falls, Missoula au Salt Lake City, ambako kufika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone ni safari ya gari isiyozidi nusu siku. Ni saa nne usiku, watoto wamelala, na unajiuliza kama ukajaze mafuta kwenye gari.

Mwongozo huu ni wako. Nautanguliza msimamo wangu ili nisikupotezee muda: ukiishi katika kona hiyo ya Marekani, cha kujiandaa nacho ni tetemeko lenyewe. Volkano waachie wanaoipima usiku na mchana.

Najua kwa mtu wa Kivu maneno hayo ni magumu kumeza. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni bila onyo la maana, watu wapatao 30 wakafa, kisha ardhi ya Goma ikaendelea kutikisika siku baada ya siku hadi nyufa zikaonekana barabarani. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu ya mji ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Aliyepitia hayo akisikia matetemeko yametajwa pamoja na volkano haulizi mara mbili, anatafuta viatu. Hofu hiyo ina sababu zake. Ila Nyiragongo ni mlima ulio wazi kileleni, ambao kwa miaka mingi umekuwa na ziwa la lava likitokota humo. Yellowstone ina kifuniko kinene cha miamba, na mitetemo yake husomwa kwa namna nyingine.

Tazama ukubwa kabla ya idadi

Yellowstone hutikisika mara 1,500 hadi 2,500 kila mwaka. Karibu nusu ya matetemeko hayo huja kwa mafungu, yaani kwa siku au wiki kadhaa yanapiga mfululizo eneo lile lile, mengi yakiwa madogo, bila moja kubwa lililoyatangulia. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba matetemeko ya mfululizo yameanza Yellowstone, amekueleza jambo la kawaida la pale. Bado hajakuambia lolote kuhusu hatari.

Ona yaliyokwisha kutokea. Kuanzia Oktoba 1985 matetemeko zaidi ya 3,000 yalipiga upande wa kaskazini-magharibi katika muda wa miezi mitatu hivi, kubwa kuliko yote likiwa la 4.9. Desemba 26, 2008, chini ya Ziwa Yellowstone, yalianza mengine yaliyopita 800 kabla ya kutulia mwanzoni mwa Januari. Januari 2010 yakaja mengine zaidi ya 2,000. Mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Septemba, yalihesabiwa karibu 2,400, na kubwa lao lilikuwa la 4.4. Julai 2021 yalipita 1,000 katika mwezi mmoja. Mara kwa mara husemwa kwamba jitu limeamka. Kila mara matetemeko yalikwisha yenyewe, na lava haikutoka hata tone. Mara ya mwisho lava kutoka Yellowstone ilikuwa miaka 70,000 iliyopita.

Idadi hutisha kwa sababu inahesabu kila kitu. Mashine za Chuo Kikuu cha Utah, zaidi ya 40 zilizotapakaa ndani na kando ya hifadhi, zinanasa mitikisiko ambayo hata aliyelala chini sakafuni asingeihisi. Tetemeko la ukubwa wa 1 au 2 halimwamshi mtu. La 3 huenda likahisiwa na aliye karibu na aliyetulia. Tena vipimo hivi havipandi kama bei ya sukari dukani. Kutoka 3 kwenda 4 nguvu inaongezeka mara 32 hivi, na kutoka 4 kwenda 5 mara 32 nyingine juu ya hizo. Hapo ndipo inapokufa ile hadithi nyingine ya kuliwaza, kwamba matetemeko madogo ni mazuri kwa kuwa yanapunguza presha. Ungehitaji matetemeko milioni moja ya ukubwa wa 3 ili yalingane na moja la 7. Madogo hayapunguzi kitu cha maana, kama vile yasivyotabiri kitu cha maana.

Basi fanya hivi. Fungua ukurasa wa matetemeko wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS. Ukifunguka, kwa kawaida unakuonyesha ya siku moja tu, na yale ya ukubwa wa 2.5 kwenda juu. Nenda kwenye mpangilio, chagua siku 30 na ukubwa wowote, kisha sogeza ramani hadi kona ya kaskazini-magharibi ya Wyoming, pale inapokutana na Montana na Idaho. Nukta zitakuwa nyingi, usishtuke. Sasa badilisha mpangilio wa orodha ili kubwa litangulie. Soma mstari wa kwanza. Ukikuta 2.8 au 3.3, umeshapata jibu la shangazi. Bonyeza mstari huo uone kina na mahali. Kama nyumba yako ilitikisika kweli, chini yake kuna fomu ya kueleza ulichohisi. Ijaze, wanaisoma, na watu wengi wakijaza ndipo ramani ya mtikisiko inapotengenezeka.

Yale mawimbi meusi yanayochorwa na mashine za kupima matetemeko, yanayopigwa picha na kusambazwa, usiyategemee. Mashine hiyo hiyo hunasa upepo, magari, na tetemeko lililopiga Alaska au Japani. Pia kuna wakati mashine imeharibika tu. Mtu asiyejua akiiona karatasi nzima imejaa wino anaona kiama.

Na wale nyati? Tarehe 30 Machi 2014 tetemeko la 4.8 lilipiga karibu na Norris, ndani ya hifadhi. Video ya nyati wakikimbia ikaenea dunia nzima ikiambatana na maelezo kwamba wanyama wamenusa mlipuko na wanaikimbia Yellowstone. Video hiyo ilikuwa imerekodiwa kabla ya tetemeko. Msemaji wa hifadhi akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelisambaza: nyati hao walikuwa wanakimbia kuelekea ndani zaidi ya hifadhi.

Kinachotikisa ni nini

Sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani inavutwa taratibu kwenda kushoto na kulia, na miamba inapochoka kuvutika inakatika. Hiyo ni sababu ya kwanza, na ingekuwepo hata kama volkano isingekuwepo. Sababu ya pili ni maji. Chini ya Yellowstone maji ya moto na gesi husukumwa ndani ya nyufa za zamani, nyufa zikilainika zinateleza kidogo kidogo, na kila kuteleza ni tetemeko dogo. Mafungu mengi yanaelezeka hivyo. Lile la 1985 lilikuja wakati ardhi, iliyokuwa ikiinuka kwa miongo mingi, ilipogeuka na kuanza kushuka. Wanasayansi wengi wanaona kwamba majimaji yaliyobanwa chini yalipata upenyo wa kutokea pembeni. Volkano ilikuwa inapumua nje.

Magma ipo, hilo halifichwi. Hodhi la juu linaanzia kilomita chache tu chini ya ardhi. Lakini ukitamka hodhi watu wanawaza sufuria la uji wa moto unaochemka, na hilo silo lililoko. Fikiria sahani ya wali uliomwagiwa mchuzi kidogo. Ukiinamisha sahani mchuzi hauchururiki, umeshikwa katikati ya punje. Ndivyo mwamba ulioyeyuka ulivyo chini ya Yellowstone. Makadirio ya tafiti yamekuwa kati ya asilimia 5 na 20 ya hodhi hilo, iliyobaki ni mwamba mgumu wenye joto kali. Ili mlipuko mkubwa utokee, kiasi kilichoyeyuka kwa kawaida kinatakiwa kikaribie nusu.

Utaambiwa pia kwamba Yellowstone imechelewa, ilitakiwa iwe imeshalipuka. Chukua kalamu. Milipuko mikuu ilikuwa mitatu: miaka milioni 2.1 iliyopita, milioni 1.3, na 640,000 hivi. Nafasi kati ya wa kwanza na wa pili ni kama miaka 800,000, na kati ya wa pili na wa tatu ni kama 660,000. Wastani wake ni zaidi ya 700,000. Kwa hesabu yao wenyewe hao wanaodai imechelewa, bado kungebaki miaka kama 90,000. Na hata hesabu hiyo haina maana, kwa kuwa volkano haifuati kalenda, na nafasi mbili haziwezi kumpa mtu ratiba. USGS inakadiria uwezekano wa mlipuko mkuu kwa mwaka mmoja kuwa takriban 1 kati ya 730,000.

Kinachoweza kulipuka Yellowstone wakati wa uhai wako ni mvuke. Asubuhi ya tarehe 23 Julai 2024, pale Biscuit Basin, maji yaliyokuwa yamebanwa chini ya bwawa dogo yaligeuka mvuke kwa ghafla, yakarusha tope jeusi na mawe hewani, na watalii wakatimua mbio juu ya njia ya mbao. Njia ilivunjika, hakuna aliyeumia. Hapakuwa na fungu la matetemeko lililotangulia, wala ishara nyingine iliyoweza kuwaonya. Hilo nalitaja kwa wale wanaoamini kwamba wakihesabu matetemeko watajua kila kitu.

Rangi nne za kufuatilia

Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Yellowstone, YVO, kilianzishwa mwaka 2001 na USGS, Chuo Kikuu cha Utah na hifadhi yenyewe. Leo kina washirika zaidi, na kila mwezi kinatoa taarifa fupi: matetemeko mangapi, kubwa lipi, ardhi imeinuka au imeshuka kwa kiasi gani. Juu ya taarifa kuna rangi. Kijani ni hali ya kawaida, njano ni kwamba kuna mabadiliko yanayochunguzwa, rangi ya chungwa ni kwamba hali inazidi, nyekundu ni mlipuko wa hatari unaokaribia au unaoendelea. Mafungu ya 2008, 2010, 2017 na 2021 yote yalipita rangi ikiwa kijani. Ukikosa muda wa kusoma kitu kingine chochote, tazama rangi.

Kwa nini nawaamini? Kwa sababu volkano iliyofungwa namna hii haifunguki kimyakimya. Wataalamu wanasubiri mambo kadhaa yatokee kwa pamoja: matetemeko makali, si madogo tu, yakipanda kutoka chini kuja juu, ardhi ikivimba kwa kasi isiyo ya kawaida, gesi ikibadilika, joto likiongezeka katika eneo pana. Kuvimba peke yake hakutoshi. Kati ya 2004 na 2010 sehemu ya Yellowstone iliinuka karibu sentimita 25, kisha ikashuka tena. Kule Pinatubo, Ufilipino, mitetemo ilianza kuonekana miezi michache kabla ya mlipuko mkuu wa Juni 15, 1991, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameshahamishwa.

Hoja ya kwamba serikali inaficha ina ugumu mmoja. Takwimu za mashine hizo ziko wazi mtandaoni, zinasomwa na vyuo vya nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kuzificha kungehitaji kumnyamazisha kila mwanafunzi wa jiolojia mwenye intaneti.

Mfano wa Italia unasaidia kuona hatari ya kweli iko wapi. Campi Flegrei, kando ya Napoli, kama Yellowstone, nayo ni kaldera kubwa, yaani shimo pana la volkano, na watu wanaishi juu yake. Kati ya 1982 na 1984 ardhi ya Pozzuoli iliinuka karibu mita 1.8, matetemeko yakawa mengi, watu wapatao 40,000 wakahamishwa. Volkano haikulipuka. Nyumba ndizo zilizopasuka. Tangu 2005 ardhi imeanza kuinuka tena, na mwaka 2025 matetemeko ya 4.6 yaliwatoa watu nje mara mbili, Machi na Juni.

Ya kuogopa

Usiku wa Agosti 17, 1959, saa 5:37, tetemeko la 7.3 lilipiga Hebgen Lake, nje kidogo ya mpaka wa magharibi wa Yellowstone. Watu walikuwa wamepiga kambi kando ya Mto Madison, wamelala kwenye mahema na magari. Ubavu mzima wa mlima ukaporomoka, tani karibu milioni 80 za mawe na udongo, ukavuka mto na kupanda ng'ambo ya pili. Watu 28 walikufa. Mto uliozibwa ukajaa nyuma ya maporomoko hayo na kuwa ziwa, ambalo lipo hadi leo. Chemchemi za hifadhini zikabadilika, baadhi zikaruka ambazo hazikuwa zikiruka. Volkano haikufanya lolote.

Idaho nayo ilipata la 6.9 mwaka 1983, watoto wawili wakafa katika mji wa Challis. Machi 18, 2020, saa moja na dakika tisa asubuhi, la 5.7 lilipiga Magna, karibu na Salt Lake City, na sanamu ya malaika juu ya hekalu la Wamormoni ikadondosha tarumbeta. Siku 13 baadaye la 6.5 likatikisa katikati ya Idaho, Boise ikalisikia. Kwa Salt Lake, wataalamu walikadiria mwaka 2016 kwamba katika miaka 50 kuna uwezekano wa asilimia 43 wa tetemeko la 6.75 au zaidi kupiga ukanda huo. Linganisha na ile 1 kati ya 730,000 ya mlipuko mkuu kwa mwaka, kisha uamue muda wako wa jioni utaupeleka wapi.

Anza na chumba cha kulala. Kabati refu, rafu ya vitabu, televisheni, vyote vifungwe ukutani kwa mkanda au kona ya chuma. Ukiwa mpangaji mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, wengi hukubali. Kitu chochote kizito kilichotundikwa juu ya kitanda kishushe. Weka viatu vyenye soli ngumu ndani ya mfuko, uufunge kwenye mguu wa kitanda, na tochi humo humo. Miongoni mwa majeraha ya kawaida baada ya tetemeko ni ya nyayo zilizokanyaga vioo gizani. Tangi la kuchemshia maji lifungwe kwa mikanda. Ujue valvu ya gesi ilipo na spana ya kuifungia, lakini uifunge pale tu unaposikia harufu au mlio wa gesi. Ukishaifunga usiifungue mwenyewe, ngoja mafundi wa kampuni.

Ardhi ikitikisika: inama, ingia chini ya meza imara, funika kichwa na shingo, shikilia mguu wa meza hadi itulie. Kama umelala, baki kitandani, mto juu ya kichwa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tumezoea kukimbia nje. Katika nyumba ya tofali za udongo mbio hizo zilikuwa na maana. Nyumba nyingi za Marekani ni za mbao, zinapinda na kulia lakini haziangukii watu kirahisi, na anayekimbia hukutana na vigae na vioo vinavyodondoka mlangoni. Tahadhari moja: majengo ya zamani ya tofali yasiyo na nondo, ambayo Salt Lake inayo kwa wingi, ni hatari kweli. Ukitafuta nyumba ya kupanga, uliza swali hilo kabla ya kuuliza kuhusu parking.

Watoto wanafundishwa haya shuleni. Waache wamfundishe bibi, tena kwa vitendo, awe chini ya meza mara moja akiwa na akili yake timamu.

Bima ya nyumba ya kawaida na ile ya mpangaji, kwa kawaida hazilipi uharibifu wa tetemeko. Bima ya tetemeko inanunuliwa peke yake, na uliza mapema ni kiasi gani utabeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, maana hicho huwa kikubwa.

Ukienda kutembea Yellowstone, nenda. Baki juu ya njia za mbao. Zaidi ya watu 20 wamekufa humo kwa kuungua ndani ya chemchemi za moto tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1872, na ganda la ardhi linaloonekana gumu huenda lina maji yanayochemka chini yake. Nyati mwache mbali, mita 25 au zaidi. Usipige hema chini ya jabali.

Kumjibu aliyekutumia

Usimkejeli. Amekutumia kwa sababu anakupenda, na ukimcheka atanyamaza hata siku atakapokuwa na jambo la kweli. Mtumie sauti, maana maandishi marefu hasomi: "Shikamoo shangazi. Ujumbe nimeuona. Nimeangalia, kubwa kuliko yote lilikuwa la 3.1, hapa hatukusikia kitu. Rangi ni kijani. Ile video ya nyati ni ya mwaka 2014. Watoto wako salama, nyumbani tumefunga kabati na kila kitu ukutani. Usiwe na wasiwasi, nitakupigia Jumapili."

Kisha mpe kazi, kwa kuwa kazi anaiweza. Baada ya tetemeko kubwa simu za mji mmoja hujaa, watu wa mtaa mmoja hawapatani, ilhali ujumbe mfupi kwenda mbali mara nyingi hupita. Chagueni ndugu mmoja asiyeishi Idaho, Utah wala Montana, awe Ohio, awe Kasulu, ambaye kila mmoja wenu atamtumia neno moja: niko salama, niko wapi. Namba yake iandikwe kwenye karatasi ndani ya begi la kila mtoto, kwa sababu simu itakapokwisha chaji hakuna anayekumbuka namba ya mtu.